Chombo Hakisogei!

Ikiwa wewe ni mzazi, bila shaka umewahi kusimama mlangoni ukimtazama mwanao akicheza kwenye kompyuta, ukajiuliza: jambo hili litamfaa nini? Na ikiwa wewe ni mwanafunzi, huenda umeulizwa swali hilo ukakosa jibu.

Hivi majuzi jirani yangu alinijia akiwa amekasirika. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa ameanguka mtihani wa Hisabati, na tangu afunge shule hakuwa na kazi nyingine ila mchezo mmoja wa kale wa vita vya angani.

"Mwalimu," akaniambia, "jioni hii naufuta. Ni risasi tu kutoka asubuhi hadi usiku!"

Nikamwomba anipe nusu saa kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa Warhawk. Ulitolewa Uingereza mwaka wa 1986 na Firebird kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64. Uliuzwa kwenye kaseti, kama zile za muziki. Siku hizi kuna programu zinazoifanya kompyuta ya kawaida iige mashine hiyo, na hivyo ndivyo kijana alivyoupata. Unaongoza chombo cha angani, mandhari yanateremka kutoka juu ya kioo, maadui wanakujia makundi kwa makundi, nawe unafyatua.

"Kijana wangu," nikamwuliza, "chombo chako kinaelekea wapi?"

"Kinapaa juu, mwalimu."

Nikamwambia aache kukiongoza, kisha aweke kidole juu yake. Mandhari yakazidi kuteremka, lakini chombo kikabaki palepale chini ya kidole.

"Lo! Kumbe hakisogei!"

Naam. Ukiwa ndani ya garimoshi huona miti ikikimbia nyuma. Mtunzi wa mchezo huu naye aliikimbiza miti, akaliacha garimoshi limesimama.

Kuikimbiza si kazi rahisi. Kioo cha Commodore 64 kina safu 25, na kila safu ina vyumba 40. Jumla ni vyumba 1,000, kila kimoja kikiwa na urefu wa nukta 8. Mashine yenyewe inaweza kuteremsha picha nzima hadi nukta 7. Ikifika nukta ya 8, programu haina budi kuhamisha safu zote hatua moja chini na kuweka safu mpya juu, tena upesi, kabla jicho halijagundua.

Nikampa kijana kalamu. Kompyuta hiyo hupiga mapigo karibu milioni moja kwa sekunde. Runinga ya Uingereza ilichora picha mara 50 kwa sekunde. Je, kila picha ina mapigo mangapi? Akagawanya: 20,000. Kuhamisha chumba kimoja huchukua mapigo kama 9. Vyumba 1,000 je? Akazidisha: 9,000. Akaduwaa.

"Mwalimu, karibu nusu ya muda imekwisha na bado sijapiga hata risasi moja!"

Na maadui? Mashine hiyo inaweza kuonyesha vijipicha 8 tu vinavyotembea kwa wakati mmoja. Lakini picha ya runinga huchorwa kutoka juu kwenda chini. Kijipicha kikishachorwa juu, programu hukihamisha upesi kikachorwe tena chini. Ni kama mama mwenye sahani 8 na wageni 16: wa kwanza wakishakula, sahani zinaoshwa na wengine wanapakuliwa. Kwa ujanja huo watunzi wengi wa wakati ule walijaza kioo maadui.

Mama mtu alikuwa amesimama nyuma yetu kimya. Hakuufuta mchezo. Alitoa amri moja tu: hesabu za likizo kwanza, mchezo baadaye, na kila siku kijana aandike daftarini jambo moja aliloligundua kuhusu jinsi mchezo unavyofanya kazi.

Sitakudanganya, msomaji. Mchezo peke yake haufaulishi mtu mtihani, na kijana yule bado ana muhula mzima wa kujikwamua. Lakini mzazi mwenzangu, kabla hujafuta, keti karibu na mwanao umwulize: hiki kinafanyaje kazi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nawe mwanafunzi, ukicheza mwaka mzima bila kujiuliza swali hilo, utakuwa kama chombo kile: utaona mambo yote yakipita mbele yako, udhani unapaa, kumbe uko palepale.