Kompyuta ya Nyumbani na Haki za Watu



Ndugu wasomaji, majuma mawili yaliyopita tulikuwa katika darasa la vijana hapa Magongo, tukieleza masharti ya biashara: kwamba kitu kinachouzwa sharti kiwe milki ya muuzaji, au awe na idhini ya mwenyewe. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyanyua mkono, akauliza kwa adabu: "Maalim, na ile programu unayotuandikia mitihani, mwenyewe ametoa idhini?" Wenzake wakainamisha vichwa. Nami nikasema tutalijibu darasa lijalo, kwani jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusemeka.

Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Fundi aliyenitilia programu alinitoza shilingi 500, akaivunja kufuli programu ya kuandikia ambayo bei yake ni maelfu. Sikumuuliza ameipata wapi. Nilijua, nikajifanya sijui. Juu ya programu hiyo nimeandika khutba, barua za nikaha na mitihani ya amana na uaminifu.

Wako wasemao kwamba kunakili si kuiba, kwa kuwa mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Suala hili wanavyuoni walikwisha kulitazama. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa kisharia, wala haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama kitabu.

Hapo baba wa watoto watano kule Chaani ataniuliza: "Sheikh, karo yanishinda, hiyo leseni nitainunua kwa nini?" Namjibu kwamba mlango wa halali uko wazi, na mlangoni hapatozwi kitu.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Leseni ya GPL iliyotoka mwaka 1989 ikaongeza sharti: mwenye kuzigawa awape wenziwe ruhusa ile ile aliyopewa yeye. Sisemi kuwa huo ni wakfu kisharia, lakini anayejua wakfu atafahamu upesi. Ni mfano wa kisima: kila mwenye ndoo huteka, wala hapana wa kukitia mlango na kufuli. Leseni za namna hii ni nyingi siku hizi, na idhini ya mwenyewe imeandikwa waziwazi.

Hebu tutazame nne zinazofaa nyumbani.

Ya kwanza ni LibreOffice, ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Hufungua faili zilizoandikwa kwa Word na Excel, na huweza kuzihifadhi kwa namna hizo hizo. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ambayo wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliifasiri kwa Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice. Huandika Kiarabu kutoka kulia bila taabu. Kwa walimu wa madrasa naongeza khati iitwayo Amiri, nayo bure, aliyoitengeneza Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya zamani ya Bulaq, Cairo.

Ya pili ni VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa. Hucheza karibu kila aina ya sauti na picha, hata pasipo intaneti. Darsa ulizohifadhi zitasikika.

Ya tatu ni Audacity, ya kurekodi na kukata sauti. Mtoto arekodi kisomo chake, kisha ajisikilize pale anapokosea tajwidi.

Ya nne ni 7-Zip, ya kukunja faili nyingi ziwe moja ndogo, na kuifunga kwa neno la siri. Hesabu za michango ya mayatima hazifai kukaa wazi kwenye flashi inayozunguka mtaani.

Ama virusi, Windows 10 na 11 huja na kinga yake ndani. Hakuna haja ya kuiba nyingine. Na tanabahini: chombo cha kuvunjia kufuli mara nyingi humtaka mtu aizime kinga hiyo kwanza. Mtu akikuomba uzime taa ya uani usiku, utamwamini? Mwenye kompyuta kuukuu ajue kwamba Microsoft ilihitimisha utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anaweza kutia Linux Mint, nayo haina malipo. Ila ahifadhi faili zake mahali pengine kwanza.

Nausia mawili. Pakueni programu kutoka tovuti ya wenyewe, kwani waigaji ni wengi. Na si kila kilicho bure kina ruhusa ya kila kazi: ziko programu zisizolipiwa nyumbani lakini hulipiwa ofisini. Someni masharti. Hizi nne nilizozitaja zafaa nyumbani, dukani na madrasani. Tena jirani mmoja mwenye bando akizipakua, awagawie wenziwe kwa flashi. Kunakili huku kumeruhusiwa.

Mimi nimekwisha kuitoa ile programu. Haikuwa raha: mitihani ya zamani ilivurugika mistari, nikakesha siku mbili nikiipanga upya. Darasa lililofuata nilimwambia yule kijana mbele ya wenziwe: "Mwanangu, jibu la swali lako lilikuwa ni la. Sasa ni ndiyo." Akatabasamu, akauliza tena: "Na ile miaka iliyopita, Maalim?"

Swali hili nalo ni la haki, kwani toba ya haki za watu haitimii kwa kuacha tu. Nimeuliza bei ya leseni, nami naweka akiba kidogo kidogo niilipe, ingawa programu yenyewe siihitaji tena. Enyi wazazi, ulizeni kilichomo katika kompyuta zenu kabla watoto hawajawauliza.

Wabillahi tawfiq.