Baada ya mtihani watoto waachwe wabishane

Natoa maoni yangu kuhusu jambo linalojitokeza kila mwaka, watoto wetu wa Darasa la Saba wanapofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Mtu akisimama kituoni Makonde au Tangi Bovu, hapa Mbezi Beach, siku ya mtihani wa Kiswahili, atawasikia watoto wakilinganisha majibu. “Swali la tano umejaza nini?” “B.” “Umekosa, ni D.” Mmoja anaruka kwa furaha na mwingine anaanza kulia. Kisha anatokea mtu mzima anawafokea: “Acheni hayo! Mtihani ukishapita umepita.”

Kwa maoni yangu mtu mzima huyo ana haki nusu tu. Ni kweli kwamba mtoto anayesubiri mtihani mwingine kesho asisumbuliwe. Lakini wapo wazazi wanaokataza kubishana njiani, na wao wenyewe wakifika nyumbani humweka mtoto kitako wakamhoji swali moja baada ya jingine, na pengine kumtishia fimbo, ilhali karatasi za Baraza la Mitihani hazijasahihishwa. Mtoto wa namna hiyo ataingia katika mtihani wa kesho yake akiwa amekwisha kujihesabu ameshindwa. Tabia hii ikome.

Mtihani wa mwisho ukimalizika, hata hivyo, waachwe wabishane. Kubishana juu ya habari uliyoisoma ndiko kusoma kwenyewe. Ubaya ni kwamba watoto wetu wanabishana juu ya herufi, na ile habari hawaikumbuki tena.

Chukulia kifungu cha ufahamu kinachoeleza habari za mkulima aliyeuza mahindi yake yote wakati wa mavuno, na njaa ilipoingia akayanunua kwa bei mara tatu. Watoto wanaulizwa kichwa cha habari kinachofaa. Mmoja anasema “Faida ya Kilimo”, mwenziwe anasema “Majuto ni Mjukuu”. Wakibaki kwenye A na C, atashinda mwenye sauti kubwa. Lakini wakiulizana, “Ni sentensi ipi iliyokufanya uchague hivyo?”, itabidi wote wawili waikumbuke habari, waipime na waitetee. Hapo hata aliyekosa ameondoka na kitu.

Ndugu Mhariri, jambo hili si dogo. Mwaka 2012 wananchi tulishangaa kusikia kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walichaguliwa kuingia sekondari hali hawajui kusoma wala kuandika. Kabla ya hapo, uchunguzi wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika kila wanafunzi 10 wa Darasa la Tatu, kama 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Serikali ilichukua hatua, na mwaka 2015 ukaanza mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili unaotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mtoto aliyejua kusoma Darasa la Pili, kisha akafundishwa miaka mitano kubahatisha herufi, hatafika mbali.

Wazee wetu walipimwa kwa namna nyingine. Agosti 1975 watu wazima wapatao milioni 3.8 walifanya mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika. Mtihani ule ulikuwa na hatua nne, na aliyefika hatua ya nne alitarajiwa asome gazeti, aandike barua na atunze hesabu zake za mapato na matumizi. Kujua kusoma kulikuwa kujua kutumia kile ulichosoma.

Huku kwetu Mbezi Beach shule zinazofundisha kwa Kiingereza ni nyingi, na wapo wazazi wanaodhani kuwa Kiswahili kitajipa chenyewe kwa kuwa kinazungumzwa nyumbani. Matokeo yake mtoto anasoma kila neno kwenye kifungu, lakini ukimwuliza mwandishi alikusudia nini, anakutazama tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wazazi tusiwahoji watoto hadi mtihani wa mwisho umalizike. Pili, walimu wa Darasa la Sita na la Saba, kila wanaporudisha majaribio ya ufahamu, watenge kipindi kimoja ambacho wanafunzi watalinganisha majibu wawili wawili, na kila mmoja aonyeshe mstari uliomwongoza. Zoezi hili halihitaji fedha wala vitabu vipya. Tatu, Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza maswali yaliyowashinda na sababu zake. Taarifa hizo zisiishie kwenye makabati ya walimu wakuu, bali zisomwe katika mikutano ya wazazi, sehemu zinazohusu Kiswahili zikitangulia.

Najua walimu watasema madarasa yamejaa na muda hautoshi. Ni kweli, na mzigo wao ni mzito. Lakini muda wa kuwajazisha watoto majaribio ya kuchagua herufi kila Jumamosi unapatikana. Robo yake ingetosha kwa kazi hii.

Mtoto anayeweza kumwambia mwenzake, “Soma hapa, ndiyo maana nimejibu hivi,” hata akikosa swali hilo, huyo amekwisha kujua kusoma.

Mzazi,
Mbezi Beach,
Dar es Salaam.