Kumchonga elfi mwenye sura jamali

Msomaji mpenzi, kama nyumbani mwako mna kijana aliye likizoni pamoja na kompyuta yenye nguvu kidogo, huenda umewahi kupita sebuleni ukamkuta ameinamia uso wa kiumbe mwenye masikio yaliyochongoka kama jani la mwembe. Ukaenda dukani, ukarudi, ukapika chai, na kijana yupo pale pale. Uso ni ule ule, ila pua imepungua kidogo.

Usiharakishe kumgombeza. Kazi anayoifanya ni ngumu kuliko unavyodhani. Mimi mwenyewe nimeijua juzi tu, baada ya mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, kuja kukaa nasi wiki mbili na kuniita saa nne za usiku: "Mjomba, hebu njoo umwone huyu. Mbona ananitisha?"

Mchezo wenyewe unaitwa Skyrim. Ulitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011, na hadi leo una wapenzi wake. Ni mchezo wa aina ile ambayo mchezaji hujiundia mhusika wake, kisha akaishi ndani yake kwa miezi. Mwanzo wake ni wa balaa: wewe ni mfungwa, umefungwa mikono, umepandishwa mkokoteni na unapelekwa mji wa Helgen kukatwa kichwa. Askari mwenye orodha anakuuliza wewe ni nani. Hapo dunia nzima husimama, mwenye shoka akisubiri kwa adabu, nawe unaanza kuchagua kabila, rangi, nyusi, kidevu na mashavu. Mpwa wangu alimsubirisha yule bwana saa mbili na dakika arobaini.

Kabila alilochagua ni elfi. (Soma vizuri, si elfu ya pesa.) Elfi ni viumbe wa masimulizi ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, na ukiwafananisha na majini wetu hutakuwa umekosea sana: hawaonekani kirahisi, na si vyema kuwaudhi. Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, katika The Lord of the Rings iliyochapishwa mwaka 1954 na 1955, ndiye aliyewaeneza kwa sifa walizo nazo sasa: warefu, wazuri, wasiozeeka. Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ukawachukua mwaka 1974, na michezo ya kompyuta ikarithi. Ndiyo maana mchezaji akisikia elfi hutarajia urembo.

Katika Skyrim elfi ni wa aina tatu. Yuko elfi wa juu, mrefu, mwenye ngozi ya dhahabu. Yuko elfi wa msituni, mfupi kidogo. Na yuko elfi wa giza, mwenye ngozi ya majivu na macho mekundu. Kwa ukoo, hata Orc mwenye meno yaliyochomoza kama ya ngiri ni elfi pia, ila sijasikia mtu akimtaja panapozungumzwa uzuri.

Basi nikavuta kiti. Macho ya yule banati yalikuwa makubwa kama sahani za chai, pua nyembamba kama makali ya kisu, kidevu ncha ya penseli, mashavu yamepandishwa hadi karibu yaguse macho, na ngozi imepelekwa hadi mwisho wa weupe. Ukikitazama kila kimoja peke yake, hukukosa cha kusifu. Vyote pamoja vilikuwa mwanasesere aliyeamka usiku.

Kosa lilikuwa wazi. Kila kiungo kina mstari wake kwenye skrini, na juu ya mstari huo kuna kidude unachokisukuma kulia au kushoto. Binadamu akipewa kidude cha namna hiyo, aghalabu hukisukuma hadi kigonge ukuta. Lugha yetu husifu pua ya upanga, shingo ya twiga na macho ya gololi, lakini malenga aliyesifu hivyo hakukusudia umpachike mtu upanga halisi usoni.

Jambo hili lina ushahidi wa kitaalamu, tena wa siku nyingi. Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alizirundika picha za wahalifu moja juu ya nyingine kwenye bamba moja, akitarajia kuiona sura yenyewe ya uhalifu. Alichopata ni uso wa kupendeza kuliko zile zilizouunda. Kasoro za huyu zilimezwa na za yule. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Judith Langlois na Lori Roggman, walirudia mambo hayo kwa kompyuta, wakichanganya nyuso hadi 32 kuwa mmoja, na waliozitazama wakaona michanganyiko hiyo inavutia kuliko nyingi za nyuso halisi. Yaani katikati ya mstari, pale mchezaji anapopakimbia, ndipo penye uzuri wa kwanza.

Uzuri wa kwanza, nasema, kwa sababu upo wa pili. Mwaka 1994 David Perrett na wenzake, katika Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland, walionyesha kwamba uso unaovutia zaidi hauwi wa wastani mtupu. Una mahali unapotoka nje kidogo. Kidogo, msomaji.

Kwa elfi, mahali pa kutoka nje ni nyusi na mashavu. Wachoraji wa Skyrim waliwapa elfi wao paji zito lililoinama juu ya macho na mashavu yaliyobonyea, ndiyo maana wengi wao huonekana kama watu waliokatiwa maji asubuhi. Pandisha nyusi kidogo, jaza mashavu kidogo, na hasira inaondoka. Macho yaache karibu na katikati ya kichwa. Anayeanza huyaweka juu mno kwa kusahau kwamba chini ya nywele kuna fuvu. Baina ya jicho na jicho bakisha nafasi ya jicho moja, kama walimu wa kuchora wafundishavyo. Masikio tayari yanapiga kelele kwamba huyu ni elfi. Hakuna haja ya pua na kidevu kupiga kelele pia.

Halafu mgeuze. Uso unaopendeza ukitazamwa kutoka mbele unaweza kuwa na taya la mamba ukitazamwa kutoka ubavuni, na kivuli cha pale Helgen huficha mengi ambayo jua la safarini litayafichua. Waliojutia haraka zao walihurumiwa mwaka 2012, pale nyongeza ya mchezo iitwayo Dawnguard ilipomleta Galathil, mwanamke anayechonga nyuso upya katika baa ya wezi iliyo chini ya mji wa Riften. Hutoza vipande 1,000 vya dhahabu. Ila kabila hawezi kukubadilishia.

Mpwa wangu alirudisha vidude katikati, akapandisha nyusi, akageuza kichwa. Yule banati hakutisha tena. Alikuwa mzuri, na ukifumba macho umekwisha kumsahau.

"Sasa ni kama tangazo la sabuni," akasema mwenyewe.

Nikamwuliza jambo lililonikera tangu nilipoketi. Weupe huu na pua hii vimetoka wapi? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mjomba, elfi si huwa hivyo?"

Msomaji, nilikuwa na hotuba tayari mdomoni, ile ambayo sisi watu wazima huwa nayo kuhusu vijana na krimu za kujichubua. Nikaimeza. Hakuwa amesema anajichukia. Alikuwa amesema tu kwamba tangu azaliwe hajaonyeshwa elfi mwingine. Nikamwambia kwa kifupi kwamba huyu anayemchonga hamjui, na ndiyo maana hawezi kutambua alipomkosea. Amchonge mtu anayemjua.

Alikaa kimya. Kisha akainua macho ukutani.

Pale ukutani mwetu pana picha ya mama yangu, yaani nyanya yake, iliyopigwa studio alipokuwa msichana. Paji pana, macho yaliyozama ndani, mashavu ambayo sitajaribu kuyaeleza kwani ni mama yangu, na mtazamo wa mtu anayemdai mpiga picha pesa. Mpwa wangu aliitoa msumarini, akaiegemeza kando ya kompyuta, akaanza upya na elfi wa msituni, akamtia kahawia iliyokolea kuliko zote zilizokuwemo.

Haikuwa rahisi. Pua zilizokuwemo zote zilikuwa za wageni, akachukua iliyokaribia. Na mwanya wa nyanya yake ulimshinda kabisa. Mchezo huo una vidude vitatu vya kidevu peke yake, cha upana, cha urefu na cha kutokeza, lakini vya meno hauna hata kimoja. Hapo nawalaumu wachoraji bila aibu. Baldur's Gate 3, iliyotolewa na kampuni ya Larian ya Ubelgiji mwezi Agosti 2023, ilijitahidi zaidi: mchezaji hachongi, huchagua kichwa kilichokwisha kutengenezwa, na elfi anaweza kuwa mweusi mwenye nywele za kipilipili bila mtu kushangaa. Hasara yake ni kwamba usipomwona nyanya yako miongoni mwa vichwa hivyo, huna kidude cha kumtafutia.

Saa sita na nusu za usiku elfi wetu alikuwa tayari. Hakuwa kipusa wa jalada la gazeti. Macho yake yalikuwa mbali kidogo kuliko kanuni ya jicho moja, na mpwa wangu alikataa kuyasogeza. Lakini nilijikuta namtazama tena na tena, kama unavyomtazama mtu kituoni ukijaribu kukumbuka mlisoma naye wapi.

Askari akaandika jina lake. Mkata vichwa akainua shoka, joka likatokea angani, na ghasia zikaanza. Muda si mrefu mpwa wangu alikuwa amempata kofia ya chuma, akamvisha. Uso wote ukapotea. Isitoshe, mchezo wenyewe huuchezi ukiwa umemkabili mhusika. Ama unatazama kwa macho yake, ama umefuata kisogo chake.

"Sasa saa zote hizo utamwona lini?" nikamwuliza.

"Nitajua yupo, Mjomba."

Jumamosi iliyofuata mama alikuja kutoka nyumbani na mfuko wake wa maparachichi. Mpwa wangu hakumpa hata nafasi ya kunywa chai, akamvuta mbele ya kompyuta, akamvua elfi kofia na kumgeuza polepole. Mama akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akagusa skrini pale penye shavu, kisha akapandisha kidole hadi ncha ya sikio.

"Masikio marefu hivi," akasema, "na hereni hata moja hamna?"