Mafari ya kushoto kwenye barabara ya kuume

Leo tuseme juu ya gari zinazotupeleka kazini na kuturudisha nyumbani.

Kwenye mlango wa mgodi mkubwa sheria iko nguvu. Wanaangalia mafari, mipira, breki, hata mukaba. Taa moja ikikufa, gari haiingii. Ni vizuri. Lakini ukishatoka pale, ukashika njia ya Likasi ao ya Kolwezi usiku, nani anaangalia? Mutu ni uleule. Kule ndani uhai wake uko na bei, huku inje hauna?

Sisi wa posti ya usiku tunachanga pesa kila mwezi kwa minibisi moja. Ilipopelekwa kontrole tekiniki, mukubwa wa pale aliizunguka mara moja, akaomba makaratasi, akapiga muhuri. Mafari hayakuwashwa. Hakuna mlango uliofunguliwa. Na sisi, tuseme ukweli, tulifurahi: « Imepita mbio, Mungu ni mwema! » Kisha juma mbili, kwenye kona, tulikutana na kijana wa moto aliyebeba mama mumoja. Mwangaza wetu ulimufunga macho, akaingia kwenye mufereji. Mama akavunjika muguu. Shofere wetu hakulewa, hakukimbia. Kosa lilikuwa kwenye mafari, na karatasi ilisema yako sawa.

Sababu ni hii. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, volani iko kuume, juu kule wanaendesha upande wa kushoto. Fari yao ya chini, ile tunaita kode, inanyanyua mwangaza kidogo upande wa kushoto, ili ionyeshe mutu anayetembea kando ya njia. Hapa Kongo tunaendesha kuume. Basi mwangaza ule unaenda kwenye macho ya yule anayekuja. Hata fari mupya, safi, inaweza kuua.

Unaweza kupima wewe mwenyewe. Usiku, simamisha gari pahali pa sawasawa, metre 5 mbele ya ukuta, washa kode. Mustari wa mwangaza ukae chini kidogo ya kimo cha mafari. Kama unapanda, upande kuume. Kama unapanda kushoto, fari ile si ya barabara yetu. Mekanisie anaweza kuishusha kwa tournevis, na hiyo inasaidia. Lakini dawa ya kweli ni kuweka fari ya upande wetu.

Karoseri nayo si urembo. Mlango uliofungwa na waya unafunguka kwenye kona na kutupa mutoto inje. Chuma iliyopasuka pembeni inakata mutu wa kwa miguu. Sakafu iliyoliwa na kutu inaingiza moshi wa eshapema ndani, na watu waliochoka wanalala bila kujua wanavuta sumu.

Wenye gari watatuambia: « Pesa iko wapi? » Tunawasikia. Maisha ni magumu kwa wote. Lakini kupima mbele ya ukuta hakuombi hata franka moja, na mafari mawili hayafikie bei ya hospitali, wala ya matanga.

Kwa wakubwa wa kontrole tunaomba vitu vitatu tu: washeni mafari mbele ya ukuta, fungueni na kufunga kila mlango, inameni muangalie chini ya gari. Kama kuna kosa, muandike, mutupe siku za kutengeneza. Tutakasirika siku ile, lakini tutafika nyumbani.

Na sisi tunaopanda, tuache kufurahia muhuri wa mbio. Tulimutembelea yule mama. Alituuliza kama gari yetu iko na karatasi. Tulijibu ndiyo, na haya ikatushika.