Betri haifi ghafla

Juma hili twataka kusema juu ya betri ya mashua. Labda watu wa Mweso watauliza: Sisi tu wa milimani, mashua zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Maharagwe na viazi vya Masisi huteremka hata Goma, na vingine huvuka Ziwa Kivu kwa mashua. Tena betri ya pikipiki na betri ya taa za jua hupimwa kwa chombo kile kile.

Hatari za ziwa ni nyingi. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova, kilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, kimejaa watu kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa. Ubaya wa namna ile hauponywi na betri. Lakini mashua ambayo betri yake imekwisha haina taa usiku, wala pampu ya kutoa maji, wala nguvu ya kuwasha injini iliyozimika. Huachiwa upepo na mawimbi.

Wengi husema, "Betri imekufa ghafla." Sivyo. Mara nyingi imekuwa ikifa siku nyingi kwa sababu injini haiirudishii umeme. Aliye na kipimo cha umeme, ambacho mafundi hukiita multimeta, huliona jambo hilo akiwa bado ufukoni.

Fanyeni hivi kwa betri ya risasi na asidi ya volti 12. Wekeni kipimo kwenye alama ya volti za umeme wa betri, daraja la 20. Waya mwekundu ugusishwe kichwa chanya, na mweusi kichwa hasi. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu tu. Chini ya 12, ni kama tupu.

Sasa washeni injini, mguu wake ukiwa ndani ya maji, maana bila maji pampu ya kuipoza huungua. Ongezeni mwendo kidogo, kwa sababu injini ndogo hutoa umeme haba zikienda polepole. Kipimo kikipanda hata 13.5 au 14.5, shukuruni: betri inajazwa. Kikipita 15, kidhibiti kimeharibika, na asidi itachemka. Kikibaki pale pale au kikishuka, umeme haufiki.

Msikimbilie kununua betri mpya. Nayo itakufa vile vile. Kwanza safisheni vichwa vya betri, kazeni nati, tazameni fyuzi. Kisha, injini ikinguruma, gusisheni waya mmoja wa kipimo mahali umeme unapotoka kwenye injini, na wa pili kwenye kichwa chanya cha betri. Tofauti ikizidi nusu volti, njiani pana waya uliooza au kiungo kilicholegea. Waya zikiwa nzima, kosa limo ama katika koili zinazozaa umeme, ama katika kigeuzi kinachoufanya uende upande mmoja. Umeme wa koili hupimwa kwa alama nyingine ya kipimo, ile ya umeme unaokwenda na kurudi, nao hupaswa kupanda injini inapoongezewa mwendo. Hapo yafaa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Yako mambo matatu ya kukataza kabisa. Msiing'oe waya wa betri injini ikiwa inafanya kazi, maana kigeuzi huweza kuungua. Msiguse vichwa vya betri kwa kipimo kilichowekwa kwenye ampea. Wala msivute sigara karibu, kwa kuwa betri inayojazwa hutoa hewa inayolipuka.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba neno volti limetokana na jina la Mwitalia Alessandro Volta, aliyetengeneza betri yake mwaka 1800. Elimu yake leo imo katika kipimo kinachoenea mkononi.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye mashua na awe na daftari, aandike kila juma namba mbili: ya betri iliyopumzika, na ya injini inayonguruma. Namba ikianza kushuka, abiria wasipakiwe mpaka sababu ijulikane.