Muziki Umepata Viza, Wenyewe Wamenyimwa

Hivi Abayudaya wa Mbale mnawajua? Nimewauliza Waganda, Wakenya na Wabongo wenzangu hapa chuoni, na karibu wote wameanza na kicheko. "Wayahudi weusi? Tena wa Uganda? Acha utani bwana!"

Si utani. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitegemea watamfanya mfalme wa huko, wao wakamzungusha. Akajitenga nao, akazama kwenye Biblia, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akasema kuanzia sasa sisi ni Wayahudi. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyemtuma. Alifariki mwaka 1928, wafuasi wake wakabaki vilimani kuzunguka Mbale. Baadaye akaja Idi Amin, akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, wachache wakasali kwa kujificha. Amin alipoondoka mwaka 1979, vijana wachache wakajikusanya kwenye kilima cha Nabugoye kuanza upya, na hapo ndipo ulipochanua muziki ninaotaka kuuzungumzia.

Wangeimba nini? Nyimbo za masinagogi ya Ulaya hawakukua nazo. Walikuwa na Zaburi katika Biblia ya Kiganda, maneno ya Kiebrania waliyojifunza kwa taabu, gitaa, ngoma, na masikio yaliyolelewa na nyimbo za kijijini na kwaya za makanisa ya jirani. Wakatia vyote chungu kimoja. Mwaka 2003 Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa CD yao, iliyorekodiwa na Profesa Jeffrey Summit, ambaye mwenyewe ni rabi, na CD hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Jamani, itafuteni muisikilize. Kiongozi anaanzisha, waumini wanaitikia, sauti zinapangana kama tulivyozoea nyumbani. Ukifumba macho utadhani uko kanisani Kampala, mpaka Kiebrania kikushtue. Mimi si Myahudi wala si Mganda, lakini nimeirudia mara nyingi kuliko nyimbo nyingi za dini yangu.

Sasa tuje hapa kwa Malkia (samahani, siku hizi kwa Mfalme). London nayo ina Wayahudi wake wanaochanganya muziki. Bendi ya Oi Va Voi, iliyoanzia hapa hapa, ilitoa albamu ya Laughter Through Tears mwaka 2003, mwaka ule ule wa CD ya Mbale. Humo mna klezmer, midundo ya madisko ya London, na sauti ya Sevara Nazarkhan, dada wa Kiuzbeki. Kundi la She'koyokh limepiga klezmer pamoja na nyimbo za Balkani na Uturuki, na mwimbaji wake Çiğdem Aslan ni Mkurdi wa Istanbul. Nawapenda wote. Na hiyo klezmer yenyewe, muziki wa harusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, imeokota kwa Waromania, kwa Waukraine, kwa Waroma, kwa Waturuki. Hakuna aliye safi hapa, kama vile taarab yetu ya Unguja isivyoweza kuikana Cairo.

Lakini angalieni tofauti. Kijana wa London akichanganya, anaitwa mbunifu. Mtu wa Mbale akichanganya, swali la kwanza ni: "Huyu ni Myahudi kweli?" Nimelisikia swali hilo hapa mjini kwa watu walioisifu CD dakika mbili kabla. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel walifika Uganda wakawaingiza mamia yao rasmi kwenye dini. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale wa Nabugoye, alipata urabi huko Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Hata hivyo, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilimkatalia kijana wao aliyeomba kuhamia huko kama Myahudi. Najua kuna hoja za kisheria, na najua kwamba marabi wakuu wa Israel, ambao ni wa Orthodoksi, hawautambui uongofu uliofanywa na marabi wa Conservative. Sawa. Lakini wimbo ulivuka mipaka bila kuulizwa cheti cha mtu yeyote.

Sisi wabeba maboksi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mama wa rafiki yangu alinyimwa viza ya kuja kwenye mahafali ya mwanawe, na usiku wa mahafali ukumbi mzima ulicheza muziki wa kwao mpaka alfajiri.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Wageni kutoka Marekani wamekwenda Nabugoye na nyimbo zao, na nyimbo hizo zimeingia ibadani. Siwalaumu vijana wa kule. Ukikuta ndugu baada ya miaka mingi ya upweke, utataka kuimba naye anachokijua. Ila ningesikitika sana ile ya Kiganda ikibaki kwenye CD tu, maktaba za London zikiwa nayo na Mbale haina.

Tena wenzetu wale wana mengine ya kutufundisha. J.J. Keki, mwanamuziki na mkulima, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi alizunguka kwa majirani, na mwaka 2004 Wayahudi, Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Nyimbo za wakulima hao zilitoka kwenye CD nyingine mwaka 2013, zenye magitaa, kwaya na marimba ya embaire. Humo dini tatu zinaimba bei ya kahawa!

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati yetu. Usiku wa Afrika mwaka huu, kabla DJ hajaanza yale yale ya kila mwaka, tupige nyimbo mbili tatu za Abayudaya. Chama cha wanafunzi wa Kiyahudi tukialike pia, waje wale pilau, na wale wanaopenda kuuliza nani ni nani waje na maswali yao. Mimi nitaleta CD.