Daftari Halitaiponya Kator

Kuna imani inayotembea Juba siku hizi: kwamba amani huanzia ndani ya mtu. Keti kimya, fumba macho, weka mkono kifuani, vuta pumzi taratibu, kisha uandikie moyo wako barua kwenye daftari. Utajipata. Inahubiriwa kwenye warsha za hotelini, zile za maji ya chupa na posho ya nauli, na inaingia kwa simu kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo. Sasa imefika Kator, mtaa wetu hapa Juba, kana kwamba watu wa Kator wamezipoteza nafsi zao kwa uzembe.

Sigombani na pumzi. Ukipumua polepole, mara sita hivi kwa dakika, mapigo ya moyo hutulia. Hilo ni la mwili tu. Ninachokikataa ni dhana inayouzwa pamoja nayo: kwamba jeraha ni mali ya aliyejeruhiwa, na kulitibu ni kazi yake mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. (Chumba kipi, kwa familia inayolala yote chini ya bati moja?)

Majeraha ya huku yana tarehe. Desemba 2013, vita vilipolipuka hapa Juba. Julai 2016, viliporudi. Mwaka 2015, South Sudan Law Society na UNDP walitoa utafiti wa watu 1,525: asilimia 41 walikuwa na dalili za kiwewe cha vita. Mwaka uliofuata Amnesty International ikaeleza kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na vitanda 12 vya wagonjwa hao katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Wagonjwa wengine waliwekwa gerezani, wakiwemo hata wasio na kosa lolote. Kuwaambia watu wa namna hii wajisikilize ndani ni kuwapunguzia mzigo wale waliopaswa kuwasikiliza.

Halafu daftari! Utafiti wa kaya wa 2009 ulikuta asilimia 27 tu ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanajua kusoma na kuandika. Na huyo anayejua, aandike nini? Jina la aliyemuua kaka yake? Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2014 inawapa maofisa uwezo wa kukamata bila hati. Mtindo huu wa kuandika ili kupona unajivunia jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker la mwaka 1986, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani waliandika machungu yao dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wale waliweza kuandika bila kuhofia nani atayasoma. Mshauri aliyekuja Juba kwa wiki moja hajiulizi daftari la mwenyeji wake litalala wapi usiku.

Watetezi wa mtindo huu watanitajia kambi ya wakimbizi ya Rhino, Uganda, na wanitajie tu, maana ushahidi ule ni wangu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilihusisha wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, na kweli mazoezi ya kutulia yalikuwemo. Lakini walikaa pamoja kwa makundi, mikutano mitano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kitabu chao kilikuwa cha picha. Hakuna aliyeachwa peke yake na kalamu. Dhiki ilipungua, na baada ya miezi mitatu nafuu ilikuwepo bado, ingawa ndogo. Waliofanya jaribio hilo hawakudai kwamba mtu amejipata.

Na huku tumewahi kuona jeraha likitajwa mbele ya watu. Tarehe 4 Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na mapadri na watawa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, hapa hapa Kator. Ndani ya kanisa lililojaa walikumbukwa Sista Mary Abud na Sista Regina Roba, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, waliouawa tarehe 16 Agosti 2021 katika barabara ya Nimule wakirudi kutoka sherehe za parokia ya Loa. Ni nani aliyeuweka moyo katikati ya maisha zaidi ya hao? Walichokosa ni usalama barabarani. Walitajwa kwa majina, kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo familia nyingi za Juba hazijawahi kulipata kwa wafu wao.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018, sura ya tano, uliwaahidi wote nafasi kama hiyo: Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji, pamoja na Mahakama Mseto ya kuhukumu uhalifu wa vita. Sheria ya tume ilipitishwa mwaka 2024, miaka sita baadaye. Mahakama haijasikiliza shauri hata moja. Wafadhili wanaolipia kumbi za hoteli ili watu wafumbe macho wamnunulie karani wa mahakama hiyo daftari lake la kwanza, kisha waulize, kila mwezi na hadharani, ni nani anayezuia lisifunguliwe.